Shemeji, Tuktoyaktuk tuiache

Leo siandiki siasa. Naomba niseme msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda: safari ya familia yetu kwenda Tuktoyaktuk kwa nyumba ya magurudumu naipinga. Nimeshamwambia shemeji yangu hivyo kwenye kundi letu la WhatsApp, akanijibu kwa kikatuni cha mzee anayesinzia kwenye kiti. Sasa nimekuja kwenu.

Kwa waliolisoma jina hilo mara mbili wasiambulie kitu: Tuktoyaktuk ni kijiji kilichoko ukingoni mwa Bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa Kanada. Tangu Novemba 15, 2017 kuna barabara ya kilomita 138, inayopitika mwaka mzima, inayokiunganisha na mji wa Inuvik. Kabla ya hapo ulifika kwa ndege, kwa boti, au wakati wa baridi kwa kuendesha juu ya barafu. Kwa hiyo ni kweli, siku hizi mtu anaweza kutoka Edmonton na gari lake akaenda kuchovya mguu kwenye Aktiki. Swali langu ni mguu wa nani.

Hali yenyewe iko hivi. Dada yangu anaishi Edmonton, jimbo la Alberta, huu mwaka wa kumi. Mama yuko Tanga. Tangu dada aondoke hawajaonana ana kwa ana. Baba alipofariki miaka minne iliyopita, makaratasi ya dada yalikuwa bado yanashughulikiwa, na akitoka asingeruhusiwa kurudi. Mazishi akayafuatilia kwa simu iliyoshikwa na binamu yetu ambaye mkono ulikuwa unamtetemeka. Mama hajawahi kulizungumzia jambo hilo. Dada naye hajawahi. Mwaka huu viza ya mama imetoka, yangu imetoka, likizo nimeomba, na shemeji akaja na wazo ambalo kusema kweli ni zuri: badala ya kukaa ghorofani kuangalia televisheni, tukodi nyumba ya magurudumu, watu sita, siku 14, tuingie pori la kaskazini. Mimi, mama, dada, shemeji, na watoto wao wawili wa miaka tisa na mitano.

Wazo zuri. Ratiba ndiyo mbovu.

Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mtu wa aina hiyo ukimwambia kilomita 900 anakuuliza kabla ya chakula cha mchana au baada. Hebu tufanye hesabu pamoja. Edmonton mpaka Dawson Creek ni kama kilomita 590. Hapo ndipo inapoanzia barabara kuu ya Alaska, na kutoka hapo mpaka Whitehorse, makao makuu ya jimbo la Yukon, ni kama 1,420. Unapanda tena kaskazini kama 490 mpaka kwenye njia panda ya Dempster. Dempster yenyewe mpaka Inuvik inakaribia 740. Ongeza zile 138. Jumla ni karibu kilomita 3,400, na hiyo ni kwenda tu. Kwenda na kurudi unapata 6,800. Kwa siku 14 ni wastani wa kilomita 485 kila siku, bila siku hata moja ya kupumzika. Kwa lugha ya nyumbani: ni kama kutoka Dar kwenda Mwanza na kurudi, mara tatu mfululizo, na bibi wa miaka 67 ndani ya gari.

Mafuta sitaki hata kuyazungumza. Gari la ukubwa huo linakunywa lita 20 hadi 25 kwa kila kilomita 100. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nilipofika lita 1,500 niliweka kalamu chini.

Halafu kuna hili ambalo wengi wetu tuliozoea kuliona kwenye filamu hatulifikirii. Tunadhani nyumba ya magurudumu ni nyumba inayotembea, kwamba shemeji akiwa usukani dada atakuwa anasonga ugali, mama amejilaza, watoto wanacheza karata mezani. Hakuna kitu kama hicho. Likiwa barabarani hilo ni basi. Kila mtu amefungwa mkanda, sahani zinagongana kabatini, upepo unavuma pembeni, na ukitaka kumwambia kitu aliye kiti cha mbele inabidi upaze sauti. Linakuwa nyumba pale tu linapoegeshwa, jiko likiwashwa, kibanda cha kitambaa kikivutwa ubavuni na viti vikitolewa nje. Sasa mtu anayekodi nyumba halafu kwa siku 14 analala humo akiwa hoi na kuamka kukimbia, huyo amekodi basi kwa bei ya nyumba.

Dempster ndiyo inayonipa hofu zaidi. Ni changarawe mwanzo mpaka karibu mwisho, na mawe yake yana makali. Wanaoijua wanashauri kubeba matairi mawili ya akiba. Kutoka njia panda unaendesha kilomita 369 ndipo ukute kituo cha mafuta, pale Eagle Plains. Mbele kuna mito miwili, Peel na Mackenzie, inayovukwa kwa pantoni wakati wa kiangazi. Maji yakichafuka pantoni inasimama, nawe unasimama nayo. Mtandao wa simu kwa sehemu kubwa ya njia hakuna. Na kampuni nyingi zinazokodisha magari haya zinakataza kabisa kuyapeleka kwenye barabara ya aina hiyo. Mkataba aliotutumia shemeji mwenyewe una kifungu hicho, ukurasa wa tatu. Nilipomwonyesha akasema, "Nani atatuona?" Shem, tairi likipasuka kilomita 200 kutoka kwa binadamu mwingine, utatamani sana akuone mtu yeyote, hata huyo mwenye gari.

Ila nisimwonee. Shemeji ana hoja moja nzito, na mama akiisikia inaweza ikamshinda nguvu. Inuvik kuna msikiti. Ulijengwa Winnipeg ukiwa umekamilika, ukasafirishwa kama kilomita 4,000 kwa lori na kisha kwa tishari kwenye mto Mackenzie, ukafika mwaka 2010 na kufunguliwa Novemba ya mwaka huo. Waislamu wa mji ule walikuwa wanabanana kwenye chumba kidogo, wakaona kujenga papo hapo ni gharama, wakaamua msikiti uwafuate. Mimi niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Mama wa Tanga kuswali rakaa mbili pale, nani hataki kuona? Lakini kama msikiti ndio nia, kuna ndege ndogo inayotoka Whitehorse kwenda Inuvik. Mambo ya kumpitisha mama kwenye changarawe siku nzima na nusu ili afike kwenye mkeka akiwa hawezi kukunja goti, hapana.

Kuna kitu nilikigundua wakati natafuta mambo hayo, nikakiona kitamu, naomba nikiweke hapa hata kama hakisaidii hoja yangu. Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo mama maisha yake yote amesali akielekea kaskazini. Huko Yukon, kwa sababu njia fupi kabisa ya kufika Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kibla pia kiko karibu kaskazini kabisa, kimepinda mashariki kidogo tu. Nusu ya dunia, na mama hatabadilisha upande.

Haya, tuendelee. Nilimpigia mama simu, maana katika ujumbe wote uliorushwa kwenye lile kundi niliona hakuna aliyemuuliza. Mama hana makuu. Aliuliza maswali matatu. La kwanza, choo kiko wapi. Nikamweleza: kiko ndani, na chini ya sakafu kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya sinki na bafu, na tangi la choo, na kila baada ya siku mbili tatu tunapita kituo maalumu kuyamwaga. (Kazi hiyo nimejitolea mimi, msicheke.) La pili, amesikia huko jua halizami, Isha ataisali saa ngapi. Swali la haki kabisa: mwishoni mwa Juni pale Whitehorse jua linakaa juu kama saa 19 na giza la kweli haliingii, na ukipanda zaidi kaskazini halizami kabisa. La tatu akaliuliza kwa sauti ya chini: "Na huyo dada yako, atakuwa anaendesha?" Nikamwambia watapokezana na shemeji. Akasema, "Ahaa." Akanyamaza, kisha akauliza mvua imenyesha Dar.

Ile "ahaa" ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mama hajaomba Aktiki. Anachotaka ni kukaa na mwanawe. Na kuna wajukuu wawili anaowajua kwa kioo cha simu, Kiswahili chao kinaishia kwenye "shikamoo bibi", Kiingereza chake kinaishia kwenye "thank you". Watu wa namna hiyo hawazoeani kwa kilomita. Wanazoeana kwa kumenya viazi pamoja.

Kwa hiyo napendekeza tugeukie Watson Lake. Ni mji mdogo tu, hatua chache baada ya kuvuka mpaka wa kuingia Yukon, kama kilomita 980 kutoka Dawson Creek. Kwenda na kurudi Edmonton inakuwa kama 3,140, chini ya nusu ya mpango wa shemeji. Tukiendesha siku kumi, wastani ni kilomita 314 kwa siku, yaani kuondoka baada ya chai na kuegesha alasiri. Zinabaki siku nne nzima za kutokwenda popote.

Na njia hiyo haikosi cha kuona, tena kwa watu weusi kama sisi ina mambo yake. Barabara ya Alaska ilitobolewa kwa vita. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani iliogopa Alaska itakatwa, ikaamua kuchonga njia ya nchi kavu kupitia Kanada. Kazi ilianza Machi 1942 na kufikia Oktoba njia ilikuwa imeungana. Wanajeshi walizidi 10,000, na karibu theluthi moja walikuwa weusi, katika vikosi vyao vya peke yao, kwa sababu jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa la ubaguzi. Kikosi cha 95 kilinyang'anywa mitambo mikubwa wakapewa wazungu, wenyewe wakaachiwa mashoka na koleo. Wakapewa daraja la mto Sikanni Chief. Waliweka dau mishahara yao kwamba watalimaliza chini ya siku nne, wakafanya kazi usiku kwa mwanga wa taa za malori, wengine ndani ya maji yanayogandisha mifupa. Wakalimaliza. Amri ya kufuta ubaguzi jeshini ilikuja 1948. Mto ule uko njiani kwetu. Kwa ratiba ya shemeji tutaupita kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa tukitafuta pa kulala. Kwa ratiba yangu tunasimama, yule mtoto wa miaka tisa anaelezwa.

Mbele zaidi, kilomita ya 765, ziko chemchemi za maji moto za Liard River. Maji yanatoka ardhini yenyewe, nyuzi 42 hadi 52, katikati ya msitu, na njia ya kwanza ya mbao ya kuyafikia waliijenga wanajeshi haohao wa 1942. Mama ana magoti yanayomsumbua. Najua hataingia mbele za watu, hilo nawaambia sasa hivi, lakini ataketi ukingoni na kanga yake atumbukize miguu, na dada atakaa pembeni yake, na hapo sitaki mtu aangalie saa. Siku mbili Liard, siku mbili ziwa Muncho ambalo maji yake ni ya kijani-bluu kama bahari yetu ya Pangani asubuhi. Watson Lake kwenyewe kuna msitu wa vibao: mwanajeshi mmoja wa Illinois aliyekuwa na hamu ya kwao alichomeka kibao cha mji wake mwaka 1942, wapita njia wakaiga, leo viko makumi ya maelfu. Nimeshaanza kutafuta fundi wa Tanga wa kutuchorea chetu.

Msinielewe vibaya, hata njia yangu si lelemama. Ni kweli kuna dubu. Agosti 1997 dubu mweusi aliua watu wawili hapo hapo Liard. Kwa hiyo pilau haipikwi nje ikaachwa ikipoa. Sufuria zinaoshwa papo hapo, takataka zinakwenda kwenye mapipa ya chuma yaliyotengenezwa dubu asiyafungue, chakula kinakaa ndani ya gari milango imefungwa, na kila mtu mzima anabeba kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu. Makopo hayo hayaruhusiwi ndegeni, yanunuliwe kulekule. Nyati wa msituni nao hulala pembeni ya barabara, ndiyo sababu nyingine ya kutoendesha usiku.

Halafu moto. Mei 2024 mji wa Fort Nelson, uliopo kwenye njia hiihii, ulihamishwa wote kwa sababu ya moto wa msituni. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2023, watu kama 20,000 wa Yellowknife waliondolewa. Ratiba iliyobanwa kila siku haina nafasi ya barabara kufungwa siku mbili. Yangu inayo.

Dada naye aliuliza, mbona tusiendelee mpaka Alaska kwenyewe kama jina la barabara? Kwa sababu Alaska ni Marekani, na viza ya Kanada aliyonayo mama haimvushi. Yeye na dada watoto wanaweza kupita, sisi wawili tutabaki kibandani tukipungiana mikono. Na bima ya matibabu ya mama tununue kabla hajapanda ndege, maana mgeni hatibiwi bure, na jimbo zima la Yukon lina hospitali tatu. Jimbo hilo lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 480,000, yaani nusu ya Tanzania, na watu hawafiki 50,000. Ukiwaingiza wote uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, viti vinabaki.

Ingawa hilo la "watu wachache" lisitufanye tuliite pori tupu. Njia yote hiyo inapita kwenye ardhi za watu, Wakaska na wengineo, waliokuwa wakiwinda huko kabla ya barabara. Kule Kluane, mbele ya Whitehorse, ilipotangazwa hifadhi miaka ya 1940 wenyeji walipigwa marufuku kuwinda. Sisi tunaokumbuka Wamasai walivyotolewa Serengeti mwaka 1959 hatuhitaji kutafsiriwa.

Kuhusu tarehe, shemeji anataka Julai. Mimi nasema nusu ya pili ya Agosti. Mbu wanakuwa wamepungua (wa huko hawana malaria lakini wana njaa), usiku umesharudi kwa hiyo Isha ya mama ina wakati wake, mimea inaanza kugeuka nyekundu na njano, na mbingu ikiwa safi ile mianga ya kijani ya kaskazini inaanza kuonekana. Tuwe tumerudi kabla shule hazijafunguliwa.

Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kulipa malipo ya awali ya gari. Shemeji anasoma ukurasa huu, najua, huwa anasoma akiwa amepaki lori anakula. Shem, nakuheshimu, na siku 14 zote usukani ni wako na wangu. Leseni yangu ya kimataifa nimeshaishughulikia. Dada asiendeshe hata kilomita moja. Kiti chake kiwe nyuma, upande wa mama.

Wadau mlioko Alberta, msaada kidogo: nyama halali tutaibeba ya kugandisha kutoka Edmonton, unga pia, lakini kwa siku za kurudi, Grande Prairie kuna duka? Na kuna aliyewahi kumpeleka mzazi Liard? Ile njia ya mbao kwa mwenye fimbo inapitika?